Sura ya Saba: Shilingi Moja Kuzaa Kumi na Nne

Alfajiri kwenye stendi ya Mbulu, kabla mabasi ya Arusha hayajaondoka, mizigo hupangwa ukutani: viroba vya maharage, madumu, na mifuko ya wavu iliyojaa vitunguu saumu. Kwenye mfuko wa wavu hufungwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa maka peni, jina la mpokeaji na namba yake ya simu, na chini yake neno moja: Mbezi, au Dodoma, au Kilombero. Konda anapokea mzigo na nauli yake, anaandika risiti, anaupandisha. Baadhi ya mifuko hiyo inakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kuonana na muuzaji. Aliona picha kwenye simu, akauliza bei, akatuma pesa au akaahidi kutuma.

Vitunguu saumu vya Mbulu vina jina tayari. Kwa wakulima wengi wa Bashay na vijiji vya nyanda za juu ndiyo hela ya ada na ya mabati, na kwa miaka mingi njia yake ilikuwa moja: dalali anakuja na gari, anataja bei, mkulima anakuna kichwa, anauza. Leo kijana mwenye simu nzuri na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa anaweza kujaribu njia nyingine. Anapiga picha ya vitunguu vilivyochambuliwa, anaiweka Instagram na Facebook, anaibusti, anaunganisha kitufe cha WhatsApp. Anachagua mikoa, umri, siku kumi, bajeti. Siku ya kumi na moja programu inamletea taarifa: walioona, waliogusa, mazungumzo yaliyoanzishwa na gharama ya kila mazungumzo.

Kila namba kwenye taarifa hiyo inaweza kuwa sahihi, na bado hakuna hata moja inayojibu swali lake. Mkulima wa Manyara anaijua lumbesa: gunia linahesabiwa moja, lakini limeshindiliwa na kuvishwa kilemba mpaka ndani yake kuna gunia na robo, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele juu yake miaka nenda rudi. Taarifa ya programu ni lumbesa iliyogeuzwa. Inahesabika mengi, ndani yake machache.

Nichukue muuzaji wa mfano, na namba za mfano. Msomaji aziondoe hizi aweke zake.

Ametenga shilingi 100,000 kwa tangazo la siku kumi. Watu 80 wameanzisha mazungumzo WhatsApp, kwa hiyo kila mazungumzo yamegharimu 1,250. Wengi wao waliandika "Bei?" wakajibiwa, wakapotea, wauzaji wote wanawajua watu hawa. Waliobaki 20 waliagiza kilo kumi kumi, kwa shilingi 7,000 kilo, mzigo ufike stendi ya mjini kwao. Mauzo ni 1,400,000. Muuzaji anagawanya kwa 100,000 na kupata 14. Shilingi moja imezaa kumi na nne! Usiku huo huo anaongeza bajeti.

Tuteremke ngazi moja moja. Kwanza, tangazo halikugharimu 100,000. Sheria ya Fedha ya 2022 iliwataka watoa huduma za kidijitali walioko nje ya nchi wajisajili TRA na kutoza VAT, na muuzaji ambaye hajafika kizingiti cha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka hana pa kuidai. Kwake kodi hiyo ni gharama tu; tukiichukua kwa 18%, tangazo limefika 118,000. Akilipa kwa dola, kuna na kiwango cha kubadilishia fedha: mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,700, kisha ikashuka kwa kasi kabla mwaka haujaisha. Bajeti aliyoipanga mwezi mmoja haikuwa bajeti ileile mwezi uliofuata.

Pili, wateja 20 hawakulipa wote. Watatu walisema "tuma tu, nitalipa nikipokea", mzigo ukafika, simu ikawa haipatikani. Mfuko ukalala stendi siku mbili, ukarudishwa kwa nauli nyingine. Kila mfuko wa namna hiyo umemla 2,000 za bodaboda, 10,000 za basi kwenda na kurudi, na 1,000 za mfuko wenyewe. Jumla kwa mitatu ni 39,000. Vitunguu vyenyewe bahati nzuri vinavumilia safari. Angekuwa anauza maparachichi, angezika na mtaji.

Tatu ndipo penye utamu, na ndipo wauzaji wengi wanapojidanganya. Kilo moja imemgharimu kiasi gani? Ukimuuliza atataja mbegu, mbolea, vibarua wa kupalilia, pengine itoke 2,000 na ushee. Lakini hesabu ya tangazo haihitaji gharama ya shamba. Gharama ya shamba ameshaitoa, tangazo liwepo lisiwepo. Kinachotakiwa ni bei ambayo angeipata kwa kilo ileile kama asingetangaza kabisa, na pale Mbulu bei hiyo ipo, inatajwa mlangoni kila wiki: bei ya dalali. Tuseme dalali anatoa 4,500. Basi kilo iliyouzwa mtandaoni kwa 7,000 imeongeza 2,500 tu, na mfuko wa kilo kumi umeongeza 25,000. Dalali akipandisha hadi 6,000, tangazo lililokuwa na faida jana leo ni hasara, ingawa kwenye simu hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana nasema mtu anayetangaza mazao bila kuuliza bei ya dalali asubuhi hiyo anatangaza gizani.

Kutoka kwenye 25,000 hizo ondoa mfuko 1,000, bodaboda 2,000, nauli ya basi 5,000, makato ya kutoa pesa 1,500, na nusu kilo ya nyongeza inayowekwa kwa sababu vitunguu hukauka njiani na mteja wa Dar es Salaam ana mzani wake: 2,250. Zinabaki 13,250 kwa mfuko.

Mifuko 17 iliyolipwa inatoa 225,250. Ondoa 39,000 za mizigo iliyorudi, ondoa 118,000 za tangazo: 68,250. Si kumi na nne kwa moja, lakini ni faida, na mtu wa kawaida angeishia hapo akashukuru.

Sasa afungue daftari lake. Kati ya namba 17 zilizolipa, sita zimo tayari kwenye kurasa za nyuma. Ni mama ntilie wa Dodoma anayechukua kila mwezi, ni mwenye duka wa Arusha, ni shemeji wa jirani. Waliona tangazo kwa sababu mtambo wa Meta, kampuni ya Facebook na Instagram, ukiambiwa utafute watu watakaotuma ujumbe, huwaendea kwanza wale wenye dalili za kutuma, na nani ana dalili kuliko aliyewahi kutuma? Wakabonyeza kitufe kwa sababu kilikuwa karibu na kidole. Programu ikawaandika kuwa matunda ya tangazo. Wangenunua hata hivyo.

Waondoe hao sita. Zinabaki 11. Mara 13,250 ni 145,750; ondoa 39,000, ondoa 118,000. Muuzaji wetu amepata hasara ya shilingi 11,250, kabla hatujataja bando na usiku aliokesha akijibu "Bei?".

Kampuni kubwa duniani ziliangukia shimo hilihili. Mwaka 2012 eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ilikuwa ikilipia matangazo kwenye mitambo ya kutafutia ili kila aandikaye jina "eBay" akutane kwanza na tangazo lake. Kampuni ikayazima matangazo hayo kwenye Yahoo na Bing, na wachumi waliokuwa ndani yake, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, wakapima matokeo. Karibu wageni wote walifika vilevile, kwa kubonyeza matokeo ya kawaida yaliyokuwa chini ya tangazo. Anayeandika jina la duka anajua anakokwenda. Kisha wakazima matangazo ya Google ya maneno mengine kwenye karibu theluthi moja ya maeneo ya soko Marekani na kuyaacha yakiwaka kwingine. Hesabu ya zamani ilikuwa ikionyesha faida ya maelfu ya asilimia. Jaribio lilionyesha kwamba kwa wastani pesa ilikuwa inapotea. Waliosaidiwa na matangazo walikuwa wageni, watu ambao hawakuwahi kununua au walionunua kwa nadra. Wateja wa kila siku ndio waliobeba gharama kubwa bila kuongeza kitu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mama ntilie wa Dodoma ana tabia tofauti.

Mauzo bila faida tumeyaona hata hapa nyumbani. Jumia, duka la mtandaoni, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, ikiwa na wateja wengi na hasara kubwa vilevile. Novemba mwaka huohuo ilifunga biashara yake Tanzania.

Kwa haki, hesabu ya daftari nayo ina upofu wake. Inawezekana mtu aliona tangazo Jumatatu, hakubonyeza chochote, akamwambia dada yake Singida, na dada akapiga simu mwezi uliofuata. Hatakuwa kwenye taarifa ya programu wala kwenye wale 11. Kuwauliza wateja "umetujulia wapi?" kunasaidia kidogo, si sana: wengi hujibu "mtandaoni" hata kama namba walipewa na shangazi, kwa kuwa ndilo jibu fupi. Na kati ya wale 11 wapo ambao wangetufikia bila tangazo, kwa kutafuta tu "vitunguu saumu Mbulu". Kumhoji mteja hakutaleta jibu. Njia iliyobaki ni ile ya eBay: zima, uone.

Hapo muuzaji mdogo anaweza kufanya jambo ambalo kampuni nyingi huliogopa. Hana meneja wa masoko wa kumlilia wala wakala wa matangazo anayelipwa kwa asilimia ya bajeti. Anarusha shilingi kila Jumapili usiku: mwenge, wiki hii tangazo linawaka, kichwa, linazimwa. Sarafu iamue, si yeye, kwa sababu akiamua mwenyewe atawasha mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara, na Desemba watu wakijiandaa kwenda kwao, halafu atalisifu tangazo kwa kazi iliyofanywa na mshahara. Kila wiki anaandika jambo moja: namba mpya ngapi zimelipa, kutoka popote, kwa njia yoyote. Wiki za kuwaka atazilinganisha na wiki za kuzimwa. Tofauti ndiyo tangazo, pamoja na ile ya dada wa Singida kwa kiasi fulani, ingawa si yote.

Vitunguu vinavyopelekwa mikoa kadhaa vinampa njia nzuri zaidi. Kama Dodoma na Mwanza humnunulia kwa kiwango kinachokaribiana, awashe Dodoma peke yake kwa mwezi, kisha ageuze. Meta inaruhusu kuchagua mikoa kwa kubonyeza tu. Mvua ikiharibu barabara ya kutoka Mbulu, imeharibu kwa Dodoma na kwa Mwanza pamoja, na ulinganisho unasalimika.

Anayelinganisha mwezi huu na uliopita hana kinga hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Mfanyabiashara yeyote wa pale aliyepima Desemba kwa Novemba alikuwa anapima msiba. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti chini ya bahari zilikatika na Tanzania nzima ikasota kwa siku kadhaa. Matangazo hayakuonekana vizuri, na kama mauzo yalishuka, ni rahisi kusema "unaona, bila tangazo hatuuzi". WhatsApp nayo ilikuwa ikisuasua. Mtu angetaka kununua angepitia wapi?

Ugumu halisi ni uchache wa namba. Rudi kwenye mfano wetu: kwa wateja wapya 11 kuna hasara ya 11,250, kwa wateja 12 kuna faida ya 2,000. Mteja mmoja anageuza hukumu. Na mteja mmoja anakuja au haji kwa sababu ambazo hazihusiani na chochote: harusi, gari kuharibika, simu kuisha chaji. Wachumi Randall Lewis na Justin Rao walichambua majaribio 25 ya matangazo ya makampuni makubwa ya Marekani, yenye wateja kwa mamilioni, wakaona kwamba hata huko mara nyingi haikuwezekana kutenganisha tangazo lenye faida nzuri na lisilo na faida kabisa, kwa sababu manunuzi ya watu huyumba mno yenyewe. Kama wao walishindwa kwa mamilioni, sisi wa mifuko 17 tusijidai kupima tofauti ya mfuko mmoja.

Kwa hiyo napendekeza muuzaji aache kutafuta tangazo bora kidogo, abadilishe biashara mpaka faida ya tangazo, kama ipo, iwe kubwa ya kuonekana kwa macho. Hapo hesabu yetu ina nafasi. Malipo kabla ya mzigo kupanda basi yanafuta zile 39,000, na wateja 11 walewale wanatoa faida ya 27,750. Baadhi watakataa kulipa kwanza, hilo halina ubishi. Lakini wengi wanaokataa ni wale wa simu isiyopatikana. Kiwango cha chini cha kuagiza kikiwa kilo ishirini badala ya kumi, bodaboda haiongezeki, basi linapanda kutoka 5,000 hadi tuseme 7,000, na ukitoa mfuko, makato maradufu na kilo moja ya ukavu, kila mzigo unaacha 32,500. Mizigo minne tu ya wateja wapya kabisa inalipa tangazo lote. Hapo daftari linaweza kusema kitu: wiki za kuwaka zikileta mizigo saba na za kuzimwa mmoja, huhitaji mchumi.

Kilichobeba hesabu hii ni thamani ya kilo. Vuka uende Hanang na mambo yanabadilika. Katesh iko kwenye lami ya Babati na Singida, usafiri ni rahisi kuliko Mbulu, na mafuta ya alizeti yanayokamuliwa huko ni mazuri. Lakini dumu la lita 20 ni zito, linadai nauli yake, na mnunuzi wa Dodoma anaweza kupata alizeti ya Singida iliyo karibu naye zaidi. Muuzaji akiweka tangazo la 118,000 juu ya bidhaa inayoacha elfu tatu kwa dumu, anahitaji madumu karibu arobaini ya wageni kabla hajaanza kuhesabu chochote. Mahindi na ngano ndiyo usiseme. Kwa bidhaa hizo tangazo la kulipia linafaa pale tu mnunuzi ni wa jumla, mtu wa madumu mia kwa mkupuo, na mtu huyo kwa kawaida hapatikani kwenye Instagram usiku. Anapatikana kwa kupigiwa simu.

Asali iko katikati. Kifurushi chake kidogo huacha pesa ya kuridhisha, na anayeipenda hurudi. Wauzaji hupenda kusema kwamba hasara ya mauzo ya kwanza itafidiwa na marudio, na wanaweza kuwa sahihi, ila ni daftari litakaloamua. Weka safu ya tarehe za kurudi mbele ya kila namba. Miezi sita baadaye hesabu waliokuja kwa wiki za tangazo na waliokuja kwa njia nyingine, uone wangapi katika kila kundi wamenunua tena. Mara nyingi aliyeletwa na jirani hudumu kuliko aliyevutwa na picha, na kama ndivyo ilivyo kwako, usimkopeshe mteja wa tangazo marudio ya mteja wa jirani.

Linabaki suala la kodi, ambalo watu hulisahau hadi mwisho wa mwaka. Kwa mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio, TRA huangalia mauzo ghafi, si faida. Yale mauzo ya siku kumi yaliyolipwa, hata yakiwa yamemwachia hasara, yanaingia kwenye mauzo ya mwaka na yanaweza kumpandisha daraja. Kwa hiyo daftari liwe na ukurasa wake wa mauzo yote, mbali na ukurasa wa tangazo, na jumla ipigwe kila mwisho wa mwezi wakati risiti za basi bado zinasomeka.